Mauzo Yako Ukutani: Grafu kwa Mfanyabiashara wa Dagaa

Karibu kila mwenye meza, kibanda au stoo hapa Igogo, Mwanza, ana kaunta buku. Humo mna kila kitu: mzigo ulioingia, nauli ya bajaji, pesa ya wabebaji, nani kachukua sado mbili akasema atalipa Ijumaa. Shida ni kwamba likishafungwa jioni halifunguliwi tena, labda kwa kumtafuta mdaiwa. Msimu ukiisha mtu anaulizwa biashara ilikwendaje, naye anajibu kwa kukumbuka. Na anachokumbuka ni siku mbili tu, ile aliyouza kupita kiasi na ile aliyopigwa. Zile nyingine, ambazo ndizo zilizobeba mtaji, zimeshamtoka.

Makala haya ni ya kuzitoa siku hizo kwenye daftari na kuzichora mahali unapoziona kila asubuhi. Nimeshika dagaa kwa sababu ni biashara inayoingia karibu kila nyumba kando ya Ziwa Victoria, kuanzia anayenunua wabichi na kuanika mwenyewe hadi anayefuata magunia makavu sokoni Mwaloni Kirumba na kuyasafirisha. Mwenye duka au wakala wa miamala asubiri kidogo, naye nitamfikia.

Kabla hujashika penseli, andika juu ya karatasi uamuzi unaokusumbua. Uuandike kama swali lenye pesa ndani yake: Ninunue magunia mangapi wiki hii? Mzigo niushikilie au niutoe leo leo? Nijenge chanja au niendelee kuanika chini? Ukishindwa kuandika swali, usichore. Nimeona ofisi zenye kompyuta nzuri na grafu za rangi saba ambazo hazijawahi kubadili bei ya kitu chochote. Zimechorwa kwa sababu programu ilikuwa na kitufe cha kuchora.

Vifaa ni vichache. Chukua daftari la miraba lile la hesabu, penseli, kalamu mbili za rangi na gundi ya karatasi. Simu itakuchorea vizuri zaidi baadaye kwa Excel au Google Sheets, lakini mwezi wa kwanza chora kwa mkono. Unapoweka nukta yako mwenyewe kila jioni unaiona ile iliyokaa mahali pasipotarajiwa, na unaijua sababu yake kwa kuwa jambo lenyewe limetokea leo. Ukisubiri kuingiza tarakimu za siku thelathini kwa mkupuo, sababu zitakuwa zimesahaulika.

Jambo moja ulimalize mapema kabisa: kipimo. Daftari lenye ndoo, beseni, sado, kopo na gunia kwa pamoja halichoreki. Nenda kwenye mizani, pima sado yako ya dagaa wakavu, pima ndoo yako ya wabichi, andika uzito wake ndani ya jalada la daftari, kisha kila kinachoingia kigeuze kuwa kilo. Na gunia ulipime kila mara, usilihesabu tu. Lumbesa si gunia moja, na mtu anayenunua lumbesa leo na gunia la kawaida kesho, yote akiyaandika "gunia 1", atachora milima na mabonde ambayo hayapo. Wakala wa Vipimo umepigana na lumbesa miaka mingi kwa sababu ya mkulima na mvuvi anayepunjwa. Mwenye grafu anapunjwa pia, ila yeye anajipunja.

Weka siku za giza mahali pa tarehe

Hapa ndipo biashara ya dagaa inapoachana na biashara nyingine, na hapa ndipo grafu nyingi za dagaa zinapoharibika.

Dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola, lakini kazi ni ile ile: mwanga unawakusanya wadudu na dagaa wenyewe, kisha nyavu zinafanya yake. Mbalamwezi ikiwa kali, taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi mingi inapumzika. Kwa hiyo mzigo unaoingia sokoni unafuata mzunguko wa mwezi wa angani, wa siku 29 na nusu. Tarehe za kalenda ya ukutani hazina habari na mzunguko huo.

Sasa tazama mtu anavyojidanganya. Anafungua daftari, analinganisha wiki hii na wiki iliyopita, anaona mauzo yameshuka nusu, anaogopa, anapunguza mtaji. Kumbe wiki iliyopita ilikuwa giza na hii ni mbalamwezi. Au analinganisha mwaka na mwaka, jambo ambalo hata wahasibu wanalisifu. Wiki ya kwanza ya Agosti 2023 ilianza na mwezi mpevu usiku wa tarehe 1. Wiki ya kwanza ya Agosti 2024 ilikuwa giza totoro, maana mwezi ulikuwa mchanga tarehe 4. Ukiziweka bega kwa bega ukasema "Agosti hii tumepiga hatua", unalisifu anga. Kila mwaka mzunguko unarudi nyuma kama siku kumi na moja hivi, kwa hiyo tarehe ile ile haikutani na giza lile lile.

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye mstari wa ulalo, yaani chini, usiandike tarehe. Andika siku za giza. Hesabu 1 kutoka siku mwezi unapokuwa haupo kabisa, endelea hadi 29 au 30, kisha rudi 1. Mfungo wa Ramadhani umewazoesha wengi kuhesabu hivyo, na kalenda nyingi zinaonyesha mwezi mchanga na mwezi mpevu. Kwenye mstari wa wima weka bei ya kununua kilo moja. Kila jioni weka nukta, uunganishe na ya jana. Mzunguko ukiisha usianze karatasi mpya. Rudi mwanzo wa karatasi ile ile, uchore mstari wa pili kwa rangi nyingine juu ya ule wa kwanza.

Baada ya mizunguko mitatu karatasi inaanza kusema. Kama mistari yote mitatu inashuka kwenye siku zile zile na kupanda kwenye siku zile zile, umepata umbo la bei ya soko lako, na unaweza kulitegemea kwa kununua. Kama mstari mmoja umekwenda njia yake, hiyo ndiyo siku ya kurudi kwenye daftari na kuuliza: kulikuwa na dhoruba? Wanunuzi wa nje ya nchi walifika? Kama mistari yote mitatu imevurugana, basi bei unayonunulia haiongozwi na mwezi. Pengine unanunua mzigo uliokaa stoo za visiwani wiki kadhaa, na hilo nalo ni jambo zuri kulijua. Utaacha kuhangaika na anga.

Tuseme umelipata umbo, na bonde lake liko wazi. Kishawishi kinachofuata ni kununua sana bondeni na kuuza mlimani. Usikimbilie. Chukua tarakimu za mfano tu: gunia unalinunua kwa shilingi 180,000 giza likiwa limekolea, na grafu inakuonyesha kwamba siku kumi baadaye utaliuza 205,000. Inavutia. Toa gharama ya stoo, mlinzi, na kilo zinazopungua kwa kukauka na kuvunjika, tuseme 9,000. Umebaki na 16,000. Mwenzako hakushikilia: kaliuza kesho yake, baada ya nauli na wabebaji kabaki na 8,000 tu, lakini hela ile ile kaizungusha mara tatu ndani ya siku hizo kumi. Ana 24,000. Mlima wa bei unaonekana kwa macho, mzunguko wa mtaji hauonekani mpaka uuchore. Kwa hiyo chini ya grafu ya bei weka nyingine yenye ulalo ule ule, inayoonyesha faida iliyobaki kila siku baada ya gharama zote. Ikiwa ya chini haifuati ya juu, fuata ya chini.

Mvua, chanja na dagaa wa kuku

Swali la kujenga chanja limekuwa likijibiwa kwa ubishi. Wataalamu wa uvuvi wanaisisitiza chanja, na wana sababu: kichanja cha mbao na wavu kinapitisha hewa juu na chini, dagaa hawashiki mchanga, na wingu likitanda unawafunika kwa turubai kwa dakika chache. Mwenye mtaji mdogo anajibu kwamba mchanga na miamba ni bure. Wote wawili wanasema kweli, kwa hiyo acha ubishi, chora nguzo.

Kila siku unapoanika, gawa mzigo mara mbili unapouanua: kilo zilizotoka safi, za kuliwa na watu, na kilo zilizonyeshewa au kubadilika rangi, zitakazokwenda kwenye chakula cha kuku. Kila wiki simamisha nguzo moja, sehemu ya chini iache nyeupe kwa dagaa safi, ya juu uipake rangi kwa dagaa wa kuku. Juu ya nguzo piga kistari kwa kila siku iliyonyesha. Fanya hivyo kuanzia Machi hadi Mei, masika yote.

Tuseme, kwa mfano tena, sehemu zilizopakwa rangi zinafika kilo 90 Machi, 140 Aprili na 70 Mei. Jumla 300. Kama kilo safi unaiuza 6,000 na ya kuku 2,500, kila kilo iliyoangukia upande wa pili imekunyang'anya 3,500, na masika yote yamekunyang'anya 1,050,000. Chanja haitaokoa zote. Ukikadiria nusu, ni 525,000. Fundi akikwambia mbao, misumari, wavu na kazi ni 600,000, chanja haijilipi msimu wa kwanza, inajilipa wa pili. Sasa swali limegeuka: hizo mbao zitadumu misimu miwili? Hilo fundi anaweza kulijibu akiwa amesimama mbele yako.

Na tazama vistari vya mvua. Kama nguzo zenye rangi nyingi ndizo zenye vistari vingi, mvua ndiyo mkosaji. Kama rangi imejaa hata wiki za jua, chanja haitakusaidia. Dagaa wako wanaharibika kabla ya kuanikwa, kwenye mtumbwi au barabarani, na mbao utakuwa umezinunua bure.

Piga alama kwenye matukio

Mstari wa bei usioandikwa kitu pembeni unazaa uongo, kwa sababu mtu atakayeutazama mwakani, hata kama ni wewe, atautungia sababu. Kila panapotokea jambo kubwa piga mstari wa wima kwa kalamu nyekundu, uandike maneno mawili matatu. Katikati ya Mei 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwanza aliyepiga alama siku hiyo na siku ya kufunguliwa anaweza leo kuangalia kama soko lake liliguswa au la, bila kubishana na mtu. Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi likafunguliwa, na foleni ya kivuko ikaondoka kwenye safari ya Sengerema na Geita. Mwenye wateja ng'ambo hiyo asichanganye gharama za usafiri za kabla na za baada akatafuta wastani. Huo ni wastani wa barabara mbili, na moja haipo tena.

Urefu wa mstari nao una maana. Kimo cha maji ya ziwa letu kimekuwa kikipimwa tangu 1896, na anayeutazama mchoro wake mzima hahitaji maelezo marefu: unapanda kwa ghafla kati ya 1961 na 1964, unateremka taratibu kwa miongo kadhaa, unafika chini sana 2006, kisha 2020 unarudi juu kabisa na maji yanaingia majumbani ufukweni. Aliyechagua kiwanja cha stoo kwa kutazama miaka mitano ya kabla ya 2006 aliona ufukwe mpana unaozidi kupanuka. Achana hata na sheria ya kutojenga ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, mchoro wenyewe ungemwambia apandishe mawe yake juu zaidi. Ukiwa na uamuzi wa wiki, miezi mitatu ya nukta inatosha. Ukiwa na uamuzi wa kujenga, tafuta mstari mrefu kuliko umri wa mkopo wako.

Sasa mitego ya uchoraji, kwa haraka. Nguzo zianzie sifuri, daima. Nguzo inayoanzia 150,000 inaifanya tofauti ya elfu tano ionekane kama mtu na mtoto wake. Mstari wa bei unaweza kuanzia juu kidogo, lakini andika pale chini kwamba umeanzia wapi. Usiweke kilo na shilingi kwenye mchoro mmoja wenye vipimo viwili, kimoja kushoto na kingine kulia. Ukivivuta upendavyo, chochote kitaonekana kinafuatana na chochote. Dagaa ndio wanaoongoza kwa uzito ziwani, ilhali sangara ndiye anayesafiri kwenda Ulaya na kuleta fedha za kigeni, na ubishi usioisha wa yupi ni samaki mkubwa wa uchumi wa Mwanza unatokana na watu wawili kushika vipimo viwili. Na duara lililokatwa vipande, lile linalopendwa kwenye mawasilisho ya semina, liache. Mskoti mmoja, William Playfair, ndiye aliyeanza kuchora biashara ya Uingereza kwa mistari na nguzo katika kitabu chake cha 1786, na bado vinafanya kazi. Duara alilichapisha 1801, na kwa maoni yangu angepumzika. Jicho haliwezi kupima vipande vitano vinavyokaribiana. Nguzo tano litazipima mara moja.

Wakala, na wateja waliorudi mikono mitupu

Nimeahidi kumfikia mwenye kibanda cha miamala. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 vibanda vimejaa kila kona, na wakala kwa kawaida ana tatizo moja lenye nyuso mbili: ama keshi imeisha na mtu anataka kutoa, ama floti imeisha na mtu anataka kuweka. Taarifa ya miamala kwenye simu inaonyesha yaliyofanyika tu. Wale uliowaambia "jaribu pale mbele" hawamo, na hao ndio kamisheni uliyoipoteza.

Chora jedwali la miraba. Chini kwenda juu weka siku saba, kushoto kwenda kulia weka saa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kila unapomrudisha mteja kwa kukosa keshi weka nukta nyekundu kwenye mraba wa saa hiyo. Kwa kukosa floti, nukta ya bluu. Usihesabu, weka nukta tu, maana mtu akiwa na foleni hana muda wa kuandika. Baada ya wiki nne utaona madoa. Kibanda kilicho karibu na viwanda vya samaki au njia ya bandarini huenda kikawa na wekundu jioni za mishahara, na cha karibu na soko kikawa na bluu asubuhi wachuuzi wanapotuma pesa ya mzigo. Sikuambii ndivyo ilivyo kwako, madoa yenyewe yataonyesha. Doa likikaa sehemu moja, uamuzi ni mwepesi: kabla ya saa hiyo badilisha keshi kuwa floti au kinyume chake, au patana na wakala wa jirani ambaye madoa yake yako kinyume na yako. Nukta zikitapakaa kote, mtaji wako ni mdogo kwa eneo hilo, na kuupangilia upya hakutatosha.

Mwenye duka anaweza kutumia jedwali hilo hilo kwa bidhaa alizoulizwa akakosa. Ni kazi ya kalamu moja iliyofungwa kwa uzi mezani.

Madeni nayo yana mchoro wake, na ndio unaouma kuliko yote. Simamisha nguzo nne: pesa za wanaodaiwa chini ya wiki moja, wiki moja hadi nne, mwezi hadi miezi mitatu, na zaidi ya hapo. Usiandike majina, hasa kama karatasi iko ukutani mahali wateja wanaona. Igogo watu wanafahamiana, na aibu ya mteja mmoja itakufukuzia kumi. Chora upya kila mwisho wa mwezi, usifute ule wa zamani. Nguzo ya kwanza ikiwa ndefu na ya nne fupi, unakopesha na unalipwa. Ya nne ikirefuka miezi miwili mfululizo, pesa hizo zimeacha kuwa mtaji, na gunia lijalo usilinunue kwa kuzitegemea.

Unapokwenda kuomba mkopo, iwe kwenye kikundi cha vikoba au benki, chukua karatasi mbili tu: ile ya faida kwa siku za giza, na hii ya madeni. Afisa mikopo anayeona marejesho yamepangwa tarehe 5 ya kila mwezi, huku kipato chako kikipanda na kushuka na mwezi wa angani, ana sababu ya kukusikiliza ukiomba marejesho yafuate mzunguko wako. Akikataa, utajua angalau ni mbalamwezi zipi za mwaka zitakazokubana, na unaweza kutenga pesa ya rejesho giza linapokolea badala ya kuitafuta mbalamwezi.

Mwisho, karatasi zisilundikane. Kila baada ya mizunguko mitatu simama mbele ya ukuta, uulize kila mchoro ulikufanya ununue nini tofauti, uuze lini tofauti, umnyime nani mkopo. Usiokuwa na jibu ubandue, utumie upande wake wa nyuma kwa swali jingine.